Gurudumu la Kushoto

Saa nne asubuhi, Jumanne tarehe 9 Septemba 1913, kofia ya Bwana Lutz ilianguka kutoka kwenye kiti cha motokaa.

Loisi aliiona ikianguka. Alikuwa amesimama kando ya njia ya ghala la ngozi, mjini Dodoma, debe la maji likiwa kichwani, akisubiri motokaa ipite ili avuke. Motokaa ilikuja kwa mwendo wake wa kawaida, imetulia. Kisha baba yake, Yoramu, aliyekuwa dereva, alivuta mkono wa breki. Papo hapo motokaa ilianza kutikisika kuanzia nyuma. Viti vilitikisika, taa zikagongagonga, kofia ikateleza na kuangukia vumbini. Motokaa ilipita mlango wa ghala kwa hatua sita ndipo ikasimama.

Loisi alikuwa na umri wa miaka kumi na miwili. Masomo ya shule ya misheni yalianza saa nane mchana, kwa hiyo asubuhi alikuwa na kazi moja: kuteka maji ya motokaa. Mwezi wa Septemba mto ulikuwa mchanga mtupu. Wasichana walichimba shimo katikati ya mchanga, wakangoja maji yachuruzike chini yake, wakayachota kwa kata. Kujaza debe moja kulichukua karibu nusu saa. Debe la kwanza liliingia kwenye injini. Mawili yaliyofuata yalimwagiwa magurudumu ya nyuma, moja kila upande.

Aliyemfundisha kumwagia magurudumu ni Silvano, msaidizi wa motokaa. Kabla ya motokaa kuja, Silvano aliendesha magari ya ng'ombe kwa miaka tisa. Katika ukame wa Dodoma, gurudumu la mbao hukauka, likasinyaa, na pete ya chuma inayolizunguka ikalegea. Kila mwendesha gari la ng'ombe alijua dawa yake: ukifika, mwagia maji, mbao zitavimba. Magurudumu ya motokaa nayo yalikuwa na spoki za mbao. Silvano aliyatunza kama alivyoyatunza yale ya kwanza.

Hakuwa ndugu yao wa damu. Yeye na Yoramu walibeba mataruma ya reli pamoja, na Yoramu ndiye aliyemwombea kazi kwa Bwana Lutz. Loisi alimwita Baba Silvano. Walipokutana, Silvano alikuwa wa kwanza kusema "Mbukwa," salamu ya Kigogo, naye Loisi aliijibu huku akicheka, kwa sababu ilikuwa desturi mtoto amtangulie mkubwa, lakini Silvano hakumpa nafasi hata siku moja.

Asubuhi hiyo hakuna aliyecheka. Bwana Lutz, mnunuzi wa ngozi, aliokota kofia yake, akaikung'uta.

"Yoramu, motokaa ilikuwa nzima wiki iliyopita. Umeifanya nini?"

"Sijui bado, Bwana. Imeanza leo."

"Ijumaa asubuhi inakwenda Kondoa. Ikitikisika namna hii mteremkoni na mzigo juu yake, itapinduka. Ijumaa nataka isimame vizuri. Isiposimama, utakwenda boma kupigwa hamsa ishirini, na kazi utaiacha."

Hamsa ishirini ilikuwa viboko ishirini na vitano. Kila mtu mjini alijua idadi hiyo. Loisi alitua debe polepole, asimwage.

Aliporudi mtoni alimkuta rafiki yake Batuli, binti wa fundi Bashiri wa karakana ya reli. Watu wa Batuli walitoka Kondoa.

"Nimesikia motokaa ya baba yako ina homa ya baridi," Batuli alisema. "Mchemshieni mwarobaini."

"Atachapwa, Batuli."

Batuli aliacha kuchota. "Nani?"

"Baba. Ijumaa."

Batuli alifikiri kidogo. "Basi leo jioni namwambia baba yangu. Akikataa kuja, simpi chakula. Hapana, atakuja. Anapenda vitu vilivyoharibika kuliko vizima."

Jioni hiyo Silvano alikula nyumbani kwa Yoramu kama siku nyingi. Walikula ugali wa uwele na mlenda kutoka sahani moja. Yoramu alikula matonge matatu tu, akanawa.

"Kuna jambo," alisema. "Bwana ameambiwa kwamba Jumamosi, nikitoka Kondoa, niligonga jiwe kubwa na ekseli ikapinda. Ameniuliza kama ni kweli."

"Umemjibu nini?" Silvano aliuliza.

"Kwamba sikugonga jiwe."

"Watu wana maneno," Silvano alisema, akamega tonge jingine.

Loisi alipotoka kumwaga maji ya kunawia, Silvano alimfuata hadi kwenye zizi la mbuzi. Alichutama ili macho yao yalingane.

"Mwanangu, yale maji ya Jumamosi usiyataje kwa mtu. Bwana amekasirika, anatafuta wa kumshika. Akisikia habari za maji atakuanza wewe. Umenielewa?"

"Kwani maji yamefanya nini, Baba Silvano?"

"Hayajafanya kitu. Ndiyo maana hakuna haja ya kuyataja."

Loisi aliahidi. Silvano alimpigapiga begani, akaaga, akaenda zake. Loisi alibaki pale zizini akihesabu. Jumamosi Bwana Lutz alikuwa Dodoma, akipakia ngozi kwenye treni. Ndani ya motokaa walikuwa watu wawili tu. Mmoja alikuwa baba yake. Kama kuna mtu aliyekwenda kwa Bwana Lutz na habari ya jiwe, ni yule wa pili, na mate yake yalikuwa bado kwenye vidole alivyochovya katika sahani yao.

Alihesabu tena, akitafuta mtu wa tatu. Hakumpata.

Jumatano saa kumi, fundi Bashiri alifika ghalani na mfuko wa vyuma. Alikuwa mtu mfupi, mwenye sauti ya chini. Hakuigusa motokaa. Aliuliza kwanza.

"Inatikisika wakati gani?"

"Ninapovuta breki," Yoramu alisema.

"Na usipovuta?"

"Haitikisiki."

"Nionyeshe."

Yoramu aliendesha hadi kwenye mwinuko nyuma ya ghala, akaiacha motokaa ipungue mwendo yenyewe. Ilisimama kimya. Alirudia, safari hii akavuta breki. Ilitikisika hadi meno yake yakagongana.

"Ekseli iliyopinda hutikisika wakati wote, uvute breki usivute," Bashiri alisema. "Hapa hapakugongwa jiwe. Nani alisema jiwe?"

"Bwana."

"Na Bwana ameambiwa na nani?"

Yoramu aliinama kutazama gurudumu. Silvano alikuwa amesimama karibu na rundo la ngozi, akikunja kamba iliyokwisha kukunjwa.

"Haya. Inatikisika mara ngapi?" Bashiri aliuliza.

"Sana," Yoramu alisema.

"Sana si hesabu, ndugu yangu."

Loisi, aliyekuja moja kwa moja kutoka shule, alichana kipande cha kitambaa chekundu kutoka pindo la kanga kuukuu, akakifunga kwenye spoki moja ya gurudumu la nyuma. Kisha akamwambia baba yake aendeshe polepole, naye akakimbia pembeni. Baba alipovuta breki, Loisi alikodolea macho kitambaa. Walifanya hivyo mara tatu. Mara ya tatu alirudi akihema.

"Kitambaa kikizunguka mara moja, motokaa inaruka mara moja. Mwendo ukipungua, na kuruka kunapungua. Havipishani hata kidogo."

Bashiri alimtazama kwa mara ya kwanza. "Basi ubaya unazunguka pamoja na gurudumu. Ungekuwa kwenye mkono wa breki usingefuata hesabu hiyo. Sasa, magurudumu yapo mawili. Ni lipi?"

Kila gurudumu la nyuma lilikuwa na ngoma, yaani duara pana la chuma lililofungwa kwenye spoki, na mkanda wa breki ulioizunguka ngoma hiyo kwa nje. Dereva akivuta mkono, mkanda hubana ngoma, gurudumu likapungua mwendo. Bashiri alilegeza mkanda wa kulia, usibane kitu. Yoramu akaendesha, akavuta breki. Motokaa ilitikisika. Bashiri akaukaza wa kulia, akalegeza wa kushoto. Yoramu akaendesha tena, akavuta. Motokaa ilisimama kwa taratibu, bila kutikisika.

"Kushoto," Bashiri alisema.

Loisi aliliangalia gurudumu. Alijua kwa nini ni kushoto. Jumamosi alikuwa na debe moja tu, kwa sababu shimo la mchangani lilikuwa limekaribia kukauka. Motokaa ilipofika, Silvano alimwambia aanze na gurudumu lililo karibu naye. Lilikuwa la kushoto. Alipokwenda mtoni na kurudi na debe la pili, saa nzima ilikuwa imepita na gurudumu la kulia lilikuwa limepoa.

Waliinua upande wa kushoto kwa jeki. Bashiri alifungua mkanda, akaiacha ngoma wazi.

"Nani ana chaki?"

Loisi alikuwa nayo, kipande cha shule kilichofungwa kwenye ncha ya kanga. Bashiri aliegemeza mkono kwenye jiwe ili usicheze, akaisogeza chaki hadi karibu igusane na ngoma.

"Zungusha taratibu."

Yoramu alizungusha gurudumu mzunguko mmoja. Kama ngoma ingekuwa duara kamili, chaki ingeigusa pande zote au isiiguse kabisa. Iligusa sehemu moja tu, urefu wa shubiri moja, ikaacha alama nyeupe. Waliifuta, wakarudia. Alama ilitokea pale pale. Kwenye sehemu hiyo chuma kilikuwa na rangi ya samawati hafifu.

"Imepinda," Bashiri alisema. "Kila mzunguko, uvimbe huu unafika kwenye mkanda, mkanda unaukamata kwa nguvu, kisha unauachia. Ndiyo mtikisiko wenu. Na rangi hii ni ya chuma kilichopata moto mkali. Kilipata moto, kikapozwa ghafla upande mmoja. Mlikimwagia maji?"

Kisha Silvano akatupa kamba chini.

"Ni mtoto. Yeye ndiye mwenye kumwagia maji. Nilimkataza mara nyingi, hasikii."

Yoramu aligeuka. "Silvano."

"Nasema ukweli. Tena ni afadhali hivyo. Mtoto hawatamfanya kitu, watamfokea tu, yataisha."

Loisi alimtazama usoni. Alitarajia Silvano angeangalia kando, lakini hakuangalia. Alimtazama na yeye, kwa macho yale yale ya jana kwenye zizi, kama mtu anayemwomba mtoto amletee kitu.

"Baba, nitasema nilichoona," Loisi alisema. Sauti yake ilikuwa nyembamba lakini haikukatika. "Ni kweli nilimwaga mimi. Jumamosi, mara tu mlipofika. Motokaa ilikuwa imejaa ngozi. Mlipokuwa mkishuka mteremko wa Miyuji kulikuwa na kundi la ng'ombe mbele yenu, niliwaona kutoka mtoni, mkashuka nyuma yao breki ikiwa imevutwa njia nzima. Mlipofika, gurudumu lilikuwa linanuka. Nilimuuliza Baba Silvano kama nisubiri. Akasema, mwagia, ndiyo dawa yake. Nilipomwaga, lilichachatika kama kikaango chenye mafuta. Niliogopa. Akasema ni mbao zinakunywa."

"Mbona hukusema mapema?" Yoramu aliuliza.

"Jana usiku wakati wa kula alinifuata zizini. Akaniambia nisitaje maji. Nikaahidi. Nimenyamaza tangu jana, mpaka sasa."

Bashiri alijishughulisha na kufuta mikono. Yoramu alimkaribia Silvano, akasimama hatua moja mbele yake.

"Jumamosi tulikuwa wawili ndani ya motokaa."

"Yoramu, nisikilize. Wewe ni dereva. Bwana anakuhitaji. Wewe angekusamehe, mimi asingenisamehe."

"Asingenisamehe. Alishataja idadi."

"Niliogopa."

"Ungekuja kwangu ukiwa umeogopa. Ulikwenda kwake."

Silvano alichukua shuka lake ukutani, akatoka nje.

Alhamisi asubuhi Yoramu alimwita Bwana Lutz ghalani kabla hajanywa kahawa. Motokaa ilikuwa bado juu ya jeki. Loisi alikuwapo, na Silvano aliitwa. Yoramu hakueleza mengi. Alimpa Bwana Lutz chaki, akamwomba aishike mwenyewe, akazungusha gurudumu. Bwana Lutz aliona alama. Aliifuta kwa kidole, akashika chaki tena. Alama ilirudi pale pale.

Yoramu alimweleza kuhusu mteremko, ng'ombe na maji. Bwana Lutz alisikiliza hadi mwisho, kisha akageuka.

"Silvano. Jiwe liko wapi?"

Silvano alitazama miguu yake.

"Hakuna jiwe, Bwana."

"Basi hamsa ishirini ni zako."

"Bwana," Yoramu alisema, "naomba neno moja. Maji yalimwagwa kwa kutojua. Miezi kumi na moja nimeona madebe yale na mimi sikukataza. Hakuna aliyetufundisha kwamba chuma hiki si gurudumu la ng'ombe. Kwa maji, makosa ni yetu wote. Jiwe ni lake peke yake. Lakini akipigwa, ngoma haitanyooka. Mtoe kwenye motokaa, inatosha."

Bwana Lutz aliizungusha chaki vidoleni. "Atabeba ngozi ghalani. Na motokaa?"

"Bashiri ameomba ruhusa kwa mkuu wa karakana. Leo mchana ngoma inakerezwa."

Ngoma ilifunguliwa kutoka kwenye spoki, ikapelekwa karakana ya reli, ikafungwa kwenye mashine ya kukereza. Bashiri aliukwangua uvimbe kidogo kidogo, akipima unene kila baada ya mzunguko ili chuma kisibaki chembamba. Saa kumi na moja jioni chaki ilipita pande zote za ngoma na kuacha mstari mmoja usiokatika. Ilirudishwa mahali pake, mkanda ukakazwa.

Jioni hiyo Yoramu aliketi na binti yake nje ya nyumba. Mama yake Loisi, Hana, alikuwa anapepeta uwele karibu yao.

"Baba, mimi nimeharibu motokaa," Loisi alisema.

"Ulimwaga maji bila kujua, tena uliuliza kwanza. Hilo silihesabu. Ninalohesabu ni usiku na mchana ulionyamaza. Katika muda huo uongo wa jiwe ulikuwa unatembea mjini, na wewe ulikuwa na jambo moja la kuusimamisha, ukaliweka mfukoni."

"Niliahidi."

"Najua. Ndiyo maana nakuambia sasa, ulishike. Mtu mzima akikuomba ufiche jambo uliloliona kwa macho yako, mtu huyo anakupa mzigo wake uubebe. Mpende, mheshimu, mwamkie, lakini mzigo huo usiupokee. Njoo useme siku hiyo hiyo. Ukweli ukisemwa mapema, unamwokoa hata yeye. Silvano angekuja kwangu Jumanne, leo angekuwa bado amekaa kwenye motokaa."

Hana aliacha kupepeta. "Na sahani yetu? Silvano ataendelea kula nasi?" aliuliza.

Yoramu aliinama, akaokota punje za uwele zilizomwagika.

Ijumaa saa kumi na mbili na nusu asubuhi, Bwana Lutz aliweka kikombe cha bati chenye maji sakafuni mwa motokaa, kimejaa hadi kidole kimoja chini ya ukingo. Yoramu aliendesha hadi kwenye mwinuko, akarudi kwa kasi, akavuta breki mbele ya ghala. Motokaa ilisimama mlangoni. Maji yaliinama upande mmoja wa kikombe, yakarudi, yakatulia. Sakafu ilibaki kavu. Saa moja kamili motokaa iliondoka kwenda Kondoa.

Ilirudi Jumatatu saa kumi jioni, ikiwa imejaa ngozi. Loisi alikuwa ameshatua debe la kwanza, na sasa alikuwa akifika na la pili. Silvano alitoka ghalani kupakua mzigo. Alimwona, akasimama.

"Mbukwa, mwanangu."

"Shikamoo," Loisi alisema.

"Marahaba."

Silvano alinyoosha mkono kumsaidia kutua debe la pili kutoka kichwani. Loisi alirudi nyuma hatua mbili, akalitua mwenyewe. Kisha akaketi juu ya jiwe, mita chache kutoka kwenye gurudumu la kushoto, akasubiri. Kila baada ya muda alinyanyuka, akasogeza kiganja karibu na ngoma, akakaa tena.

Saa kumi na moja na dakika ishirini aliweka kiganja juu ya chuma na hakukiondoa. Akainua debe.